Nimejenga Kange, masika imefika na maji yangu yote yanaingia kwa bibi jirani. Naombeni ushauri wa mitaro

Mwanakange

Wakuu habarini za jioni, wakubwa shikamooni.

Hili jambo nimekaa nalo wiki mbili sasa, nimeona nililete hapa maana humu kuna mafundi na watu waliojenga. Tumehamia kwetu mwezi wa pili, tuko huku Kange Tanga, kiwanja mita 20 kwa 30. Tulivyokinunua kilikuwa nyasi tupu, minazi miwili na mwembe mmoja, kinateremka kutoka nyuma kuja mbele na kinalalia kidogo upande wa kushoto. Fundi akasema tupandishe, tukamwaga moramu tripu 11, tukashindilia, msingi ukaenda kozi tano, mwisho mume wangu akaweka pevingi mbele yote mpaka getini na ubavuni kushoto, tukafunga na ukuta pande zote nne. Nyumba imependeza na namshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa mvua. Zilivyoanza kukolea tu maji ya viwanja vya juu yakaja kugonga ukuta wa nyuma, yanajaa pale kama bwawa halafu yanapenya chini ya ukuta yanaingia uani, jikoni kwangu nimeshachota mara mbili. Hilo nalivumilia. Lisilovumilika ni ya paa, yanadondoka kwenye pevingi, yanakimbia yote kona ya kushoto mbele, yanatokea chini ya ukuta moja kwa moja kwa bibi jirani yetu. Bibi yupo pale toka eneo halijapimwa, nyumba yake ni ya miti na udongo, maji yakikaa kwenye kuta zile mnajua wenyewe kinachofuata. Juzi usiku imepiga kama saa moja hivi, asubuhi akamtuma mjukuu wake kuja kuuliza, "bibi anauliza kama mmesahau kufunga bomba." Hakuja kugomba. Wakuu niliona aibu sijui niseme nini, nikaenda na ndoo nikasaidiana naye kutoa matope jikoni kwake.

Nimepewa ushauri wa aina tatu hapa mtaani. Mmoja anasema tufunge gata halafu bomba lake liingie kwenye karo la choo maana ni kubwa. Mwingine anasema toboa ukuta wa mbele maji yaende barabarani basi. Wa tatu anasema chimba shimo jaza mawe. Hela haipo nyingi na mume wangu yupo kazini Horohoro anarudi wikiendi tu. Nianze na lipi?

Kijana wa Makorora

Pole sana dada. Kwanza hongera kwa kujenga na pili hongera kwa kumuwaza jirani, wengi wakishafunga geti ndo basi.

Gata unazo au paa linamwaga tu pande zote? Na mtaro wa mtaa upo mbele ya nyumba au barabara ya vumbi tupu?

Mwanakange

Gata hazipo kaka, hela iliishia kwenye pevingi. Barabara ni ya vumbi, mtaro wa mtaa upo ng'ambo ya barabara ila wakati tunajenga mchanga na moramu yetu ilikaa pale mbele miezi, mvua za vuli zikaukokota mpaka mtaroni, sasa hivi nusu umejaa mchanga na mwingine najua ni wetu.

NyumbaKwanza

Mimi naona mnahangaika bure, ongeza tripu tano za kifusi kule nyuma, piga zege mpaka ukutani, ukuta wa nyuma upigwe chini plasta yenye dawa ya kuzuia maji. Maji ya juu hayaingii tena. Nilifanya hivo kwangu Mikanjuni, uani pakavu mpaka leo.

MzeeWaMitaro

NyumbaKwanza ndugu yangu, sikupingi kwamba uani kwako ni pakavu, ila jiulize yale maji yalienda wapi. Hayakupotea, yapo kwa mtu. Na ukuta wa tofali za inchi 6 haukujengwa kuzuia bwawa, maji yakikaa nyuma yake hata nusu mita tu yanausukuma, msingi chini unalainika, siku moja unalala. Kuta za fensi zilizolala masika nimeziona nyingi na karibu zote hazikuwa na tundu hata moja la kutolea maji.

Binti Mwanakange, marahaba. Nimefanya kazi za barabara na mitaro miaka mingi kabla ya kustaafu, ngoja nikuandikie kwa urefu kidogo unisamehe.

Anza na hesabu maana bila hesabu unachimba shimo la kuku. Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, haina siri. Nyumba yako kwa kiwanja hicho nakisia paa lina kama mita 13 kwa 14 ukihesabu na vibaraza, hiyo ni mita za mraba 182. Mvua ya milimita 60 kwa usiku mmoja, ambayo masika hapa Tanga si kitu cha ajabu hasa mwezi wa tano, inakupa karibu lita 10,900 juu ya bati tu. Ondoa kidogo inayorukia pembeni, bado ni kama 9,800. Pevingi zako kama ni mita za mraba 100 ongeza nyingine 4,500 mpaka 5,000 hivi. Kwa hiyo usiku mmoja unampelekea bibi lita elfu 14 na zaidi, halafu zote zinatokea kwenye kona moja.

Na kabla hujajenga? Mvua ni ileile na mteremko ni uleule, lakini kulikuwa na nyasi, majani ya mwembe, udongo uliolegea, sehemu kubwa ilikuwa inazama palepale na kinachobaki kinatembea polepole kimetawanyika kiwanja kizima. Bibi alikuwa anapata unyevu tu, hapati mto. Wewe umeweka bati, umeweka pevingi, na hiyo moramu mliyoshindilia nayo hainywi vizuri. Kwa hiyo maji yameongezeka, yameongezeka mwendo na yamekusanywa sehemu moja. Lazima uyashughulikie yote matatu, ukishughulikia moja tu utarudi hapa mwakani.

Halafu kuna ukali wa mvua, huo ni tofauti na wingi. Ikipiga kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, hata kama ni dakika kumi tu, paa lako linatoa kama lita 5 kila sekunde. Yani ndoo ya lita 20 inajaa kila sekunde nne. Bomba la inchi 4 likilazwa mteremko wa sentimita 1 kila mita linabeba kama lita 7 kwa sekunde likiwa safi, kwa hiyo paa peke yake linapita, ukiongeza na pevingi umefika mwisho wake. Ndo maana napenda mtaro wa wazi kuliko bomba. Majani ya mwembe yakiingia kwenye bomba huyaoni mpaka nyumba ifurike, kwenye mtaro unayaona na unayatoa kwa jembe.

Sasa ushauri uliopewa. Karo la choo, HAPANA kabisa. Karo linafanya kazi kwa utulivu, kinyesi kinatua chini, maji yanatoka juu taratibu. Ukimwagia lita elfu 9 za mvua kwa saa moja yanavuruga yote na kuyasukuma nje, kitakachotoka kwenye chemba na kwenda kwa bibi sitaki hata kukiandika.

Kutoboa ukuta na kutupa barabarani, hapana kwa hivo ulivyoambiwa, maana maji yakimwagwa kwenye barabara ya vumbi yanachimba korongo katikati ya njia. Kutoka lazima yatoke, ila yatoke yamepungua, yamepunguzwa mwendo, na yapelekwe mtaroni kwa kalavati au bomba chini ya barabara.

Shimo la mawe ni zuri likikubaliwa na udongo. Watu wanadanganyika hapa. Shimo la mita 2 kwa 2 kwenda chini mita moja na nusu ni mita za ujazo 6, mtu anasema nina lita 6,000. Ukishajaza mawe nafasi inayobaki ni kama theluthi, zaidi kidogo mawe yakiwa makubwa, kwa hiyo unazo lita kama 2,200. Ukitaka ukubwa kamili jengea tofali kwa ndani ukiacha nafasi za maji kupenya, funika kwa zege juu, uache mfuniko wa kuingilia kusafisha.

Kabla ya hela kutoka fanya jaribio. Chimba kishimo futi moja kwa futi moja, kiende mpaka kina ambacho shimo litaishia. Jaza maji yaishe, jaza tena, ya kwanza usiyahesabu maana udongo mkavu unadanganya. Mara ya pili simamisha kijiti chenye alama, pima kwa saa moja yameshuka sentimita ngapi. Ukikuta hata sentimita moja haijafika sahau shimo, udongo wako haunywi.

Njoo na majibu tuendelee.

Bintimrima

Mzee umeeleza vizuri sana, naongezea la huku kwetu Bagamoyo. Sisi tupo karibu na bahari, mwaka wa kwanza tulichimba shimo la kunyonya mwezi wa tisa, kiangazi, mita mbili chini pakavu kabisa, fundi akafurahi. Ilipofika masika likajaa kabla hata mvua haijakolea, maana maji ya chini yamepanda, na siku za bamvua, bahari inapojaa sana, ndo kabisa linakaa limejaa tu halinyonyi chochote. Kwa hiyo dada yangu jaribio ulifanye SASA HIVI mvua zikiwepo, usisubiri kiangazi.

Kilichotusaidia mwisho si shimo. Tulitoa pevingi mstari wa mita moja na nusu ubavuni, tukachimba pawe chini kama sentimita 25 kuliko pengine, mpana wenye kingo za kulala, tukapanda migomba na magimbi na juu kwenye kingo vetiva, zile nyasi za mizizi mirefu zinazoshika udongo. Maji yanaingia pale yanasimama saa kadhaa yanazama, yanayozidi yanatoka kwa mwanya upande wa pili. Siku mbili hayakai. Na migomba imezaa mpaka tunagawa.

NyumbaKwanza

@MzeeWaMitaro nimekuelewa mzee wangu. Kusema kweli sikuwahi kwenda kuangalia nyuma ya ukuta kwangu, kule kuna kiwanja cha mtu hajajenga bado. Kesho nitapita.

Afya_Mtaani

Kwenye haya ya kukinga maji naomba kitu kimoja. Ukiweka gata usimwage yote shimoni, weka simtanki, maji ya paa ni mazuri kufulia, kumwagilia, kudekia, na huku maji ya bomba yakikatika unakuwa na akiba. Lakini mdomo wa tangi na bomba la kufurikia lazima viwe na chekecheke la wavu mdogo, na shimo lisiwe na uwazi wa mbu kuingia. Mwaka 2019 homa ya dengi ilipokuja Dar na hapa Tanga ilitupata, na mbu wake hawahitaji dimbwi kubwa, anataga kwenye maji masafi yaliyotulia, hata kifuu, hata tairi, hata gata iliyopinda ikabakiza maji. Gata ziwekwe kwa pima maji zilalie upande wa bomba.

Na ile mvua ya kwanza baada ya ukame iache ipite nje, inaosha vumbi na mavi ya ndege kwenye bati.

Mwanakange

Nimerudi wakuu, ahsanteni sana nimewasoma wote na mume wangu nimemsomea kwenye simu. Jana mchana mvua ilipokata nimefanya jaribio na kijana mmoja, pale kwenye mwembe. Udongo mwekundu mpaka kama mita 1.3 halafu sululu ikaanza kulia, mwamba wa chokaa. Nikasimamia hapohapo. Mara ya pili maji yameshuka sm 14 kwa saa, nikarudia tena yameshuka 11. Hiyo ni nzuri au mbaya? Na kuna mtu kanambia huo mwamba ukiupasua maji yanaisha yote yanapotelea chini, nisihangaike na mitaro tena, ni kweli?

MzeeWaMitaro

Ni nzuri binti. Shika hiyo 11. Chini ya shimo la 2 kwa 2 una mita za mraba 4, kwa hiyo linakunywa lita kama 440 kwa saa kwa sakafu yake tu, na kuta za pembeni zinasaidia. Likijaa jioni asubuhi lina nafasi tena, na hilo ni muhimu maana masika hainyeshi siku moja ikaacha.

La mwamba niachie mwenzangu mwenye ujuzi wa miamba kama yupo.

Mchimba_Visima

Nipo mzee, nimechimba visima Pongwe, Maweni mpaka huko Mkinga.

Dada USIPASUE. Chokaa yetu ya Tanga ina nyufa na matobo, kuna sehemu unachoronga unakuta uwazi kabisa bomba linadondoka lenyewe. Mapango ya Amboni wote tunayajua, yale yametengenezwa na maji kwenye chokaa hiihii, maji ya mvua yanabeba uchachu kidogo kutoka hewani na kwenye udongo yanaila chokaa polepole. Kwa asili inachukua miaka mingi sana, sikutishi kwamba nyumba itazama kesho. Ila ukichukua maji ya paa zima na kuyaelekeza kwenye ufa mmoja karibu na msingi, ule udongo uliojaa kwenye nyufa unaoshwa unashuka chini, juu panabaki utupu, unaanza kuona sakafu inapasuka hujui kwanini. Na la pili, ndani ya nyufa maji hayachujwi kama kwenye udongo. Chochote utakachotupa kinaweza kwenda kutokea kwenye kisima cha mtu kikiwa vilevile. Kwa hiyo shimo liishie kwenye udongo, acha hata futi moja juu ya mwamba, na ukitaka ukubwa zaidi nenda kwa upana si kwa kina.

Liwe mbali na nyumba mita 5 hivi, na mbali na karo la choo usije ukalijaza kwa chini chini. Na mbali na ukuta wa bibi pia.

Kijana wa Makorora

Hapo kwenye udongo sikuwahi kufikiria kabisa. Sisi kwetu tulipasua na tukashangilia maji yanavyopotea. Mchimba_Visima nitakutafuta pembeni mkuu.

Serikali_ya_Mtaa

Naomba niingie kwenye upande wa mtaro wa barabara, nimewahi kuwa mjumbe wa serikali ya mtaa.

Usikate barabara kupitisha bomba bila kibali. Barabara za mitaani toka 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ile kubwa inayoingia mjini kutoka Segera ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, andika barua fupi mkiwa na majirani wawili watatu, eleza mtaro umeziba na mnaomba kalavati. Barua ya watu wanne inasomwa haraka kuliko ya mmoja. Wakati mnasubiri, mchanga uliopo mtaroni mtoe wenyewe, na wewe dada kwa kuwa umekiri mchanga ni wako hapo ndo pa kuanzia, siku moja vijana watatu na toroli inatosha, na ule mchanga una kazi utautumia.

Na wenye viwanja vya juu uwaone. Maji yanayokupiga nyuma ni yao. Ukiwaendea kwa namna bibi alivyokuendea wewe watakusikia. Kwa wanaosoma hapa ambao bado hawajajenga, lundo la mchanga liwekeni ndani ya kiwanja, zungushieni tofali kozi moja, funikeni na turubai.

Kingine kwa wanaofikiria kumaliza tatizo kwa kununua kile kiwanja cha bei rahisi kule bondeni au kupeleka mitaro na kujenga mpaka kwenye kingo za mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa bahari. Bei rahisi ina sababu.

Mwanakange

Wakuu, jana Jumapili mume wangu alikuwepo, tulienda wote kwa bibi, tukabeba na sukari na mchele tukakaa naye barazani. Nikamweleza tulichofundishwa hapa. Akasikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "mbona hamkuniuliza kabla hamjajaza kile kifusi, hapo chini ya nyumba yenu mlipoweka jiko ndo maji yalipokuwa yanapita." Akainuka na mkongojo wake akatutembeza. Kulikuwa na mkondo unatoka viwanja vya juu, unapita jikoni kwetu, unapinda kwenye mwembe, unashuka kati ya nyumba yake na njia ya miguu mpaka kwenye kibonde ambacho mpaka leo anapanda magimbi. Kile kibonde kipo, tulikuwa tunakiona kama pori tu. Alisema masika yote maji yalikuwa yanaenda pale, hayajawahi kuingia kwake mwaka hata mmoja, hata mvua zile za El Nino za 1997 alikuwa amelala kwake pakavu.

Na akasema tukipenda tuyarudishe kibondeni, magimbi yake toka tujenge yanakauka.

Mzee hii inawezekana? Tupitishe wapi?

MzeeWaMitaro

Binti yangu nimefurahi kusoma hii. Huyo bibi amekupa ramani ambayo ungelipa mpimaji pesa nyingi na asingeipata.

Inawezekana na ndo njia sahihi kuliko zote tulizosema. Fanya hivi. Ukuta wa nyuma toboa pale maji yanapojaa, tundu la futi mbili upana na futi moja kwenda juu, weka nondo zisipite takataka wala mnyama. Hapo ndani usiyaache yaende jikoni, yadake kwa mtaro wa wazi unaokwenda sambamba na ukuta, upana sm 40, kina 30, chini mawe na mota, pembeni tofali, mteremko sentimita 1 kila mita isipungue. Upime kwa mpira wa maji mwanzo mpaka mwisho, usikubali fundi akwambie jicho lake linatosha. Mtaro uzunguke nyumba mpaka kwenye mwembe.

Maji ya paa yasichanganywe na ya juu. Gata, simtanki, likifurika liende kwenye shimo lako la pale kwenye mwembe, shimo likifurika ndo liingie mtaroni. Tangi la lita 5,000 kwa paa lako linajazwa na mvua ya milimita 30 tu kwa hiyo usilitegemee peke yake, na ukiona mawingu mazito lipunguze kabla.

Kuzunguka nyumba hakikisha ardhi inalalia nje, sm 5 kwa kila mita kwenye mita mbili tatu za kwanza. Na kule kushoto toa pevingi mstari mmoja kama alivyosema Bintimrima wa Bagamoyo. Hizo utakazotoa utajengea kingo.

Pale maji yanapotoka kwako kuingia upande wa bibi ndo pa kuangalia zaidi. Yasidondoke kutoka juu. Weka mawe makubwa yaliyolala kama zulia, mita mbili hivi, yapoteze nguvu yatawanyike, halafu yaingie kwenye mkondo wa zamani. Mkondo wake uusafishe tu usiuzegee, wacha nyasi. Na upite mbali na nyumba ya udongo, kama ni chini ya mita tatu sogeza.

Jambo moja la mwisho nisilipite. Haya ya bibi yaandikwe kwa mwenyekiti wa mtaa, karatasi moja, maji yapite hapa, mkondo usizibwe na nani atausafisha. Bibi ni mtu mzima, kesho kiwanja kinaweza kwenda kwa mtoto au kuuzwa, anayekuja ataona pori kama mlivyoona ninyi na ataleta tripu zake za moramu.

Serikali_ya_Mtaa

Naunga mkono la karatasi. Na aitwe mtoto wake mmoja mkubwa asaini na yeye, lisije likaonekana mmemlaghai bi mkubwa.

Bintimrima

Dada na kule kwenye mawe ya kutokea chomeka vetiva katikati ya mawe sasa hivi mvua zipo, zitashika bila kumwagilia.

Mwanakange

Ahsanteni nyote, mzee Mungu akupe umri. Mtoto wake wa kiume yupo Muheza, amekubali kuja Ijumaa kwa mwenyekiti. Gata tutaweka upande mmoja kwanza, ule wa kushoto unaomwaga kwa bibi, wa pili mwezi ujao. Mchanga wa mtaroni vijana wameshautoa toroli 19, tutautumia humohumo kujengea.

Fundi alitaka aanze na ukuta wa nyuma, mume wangu akamkatalia, tunaanzia chini kule kwenye magimbi tunapanda juu, ili tukija kutoboa nyuma maji yakute njia ipo wazi. Ni Jumamosi saa moja asubuhi mvua ikitupisha. Bibi kasema kiti chake kitolewe kiwekwe chini ya mwembe, atakaa aonyeshe mwenyewe pa kupinda.